Tulivyomwamsha Sirine

Barabara ya Gremda, Kilomita ya Nne,
Sfax.
22 Novemba 1998

Mpendwa mdogo wangu Suad,

Pokea salamu zangu, wewe na mumeo, pamoja na pole ya baridi yenu hiyo ya Montreal ninayoisikia mpaka kwenye simu. Goti linaendeleaje? Unameza dawa, au umezificha kabatini kama kawaida yako? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Shemeji yako Hedi anashinda shambani na wavunaji. Mizeituni imezaa mpaka matawi yameinama, nami nimeachiwa nyumba, mkamwana wangu Olfa, na mjukuu.

Sirine alitimiza siku arobaini juzi. Ulipopiga simu mwezi uliopita nilikwambia kila kitu ni salama, nikageuza mazungumzo. Haikuwa salama. Olfa alikuwa amekaa karibu yangu, na kuna mambo sikuweza kuyasema akinisikia.

Wiki ile ya kwanza mtoto alikuwa analala tu. Wageni wanakuja, wanakula zriri ya ufuta na asali, wanaondoka, naye hajafumbua hata jicho. Nami nikawa najigamba, "Tumepata malaika! Majirani hata hawajui kama humu kuna kichanga." Olfa alitaka kumwamsha anyonye. Nikamkatiza: "Mwache, binti. Akisikia njaa atalia mwenyewe."

Tena, Suad, nilikuwa nampa maji ya shamari yenye sukari, kama mama alivyokuwa akitupa sisi. Vijiko vichache, Olfa akiwa bafuni. Nilijiambia ni kwa ajili ya tumbo.

Siku ya tisa tulimpeleka zahanati. Mkunga, Bi Latifa, alimweka kwenye mizani, akamtoa, akamweka tena. Uzito ulikuwa umeshuka chini kabisa ya ule wa siku aliyozaliwa. Akambonyeza kifuani kwa kidole, ngozi ikabaki ya njano.

"Ananyonya mara ngapi kwa siku?"

Olfa akaniangalia. Nikajibu mimi: "Mara nne, tano. Mtulivu huyu, mashallah, anapenda usingizi."

"Huu si utulivu, mama," alisema Bi Latifa, wala hakunikaripia. "Ameishiwa nguvu za kulia."



Walimpima damu, kisha wakaturuhusu kurudi nyumbani kwa masharti. Anyonye kila baada ya saa mbili mchana, na usiku zisipite saa tatu. Mdomoni mwake kisiingie kitu ila maziwa ya mama yake. Nepi zilizolowa zisipungue sita kwa siku. Turudi kesho kutwa, na kama hajaongezeka, atalazwa.

Tulipofika nikamweleza Olfa habari ya shamari. Nilijua atapiga kelele, au atampigia mama yake simu. Wala. Aliuliza tu:

"Siku ngapi, Mama?"

"Sita."

"Mimi nilidhani maziwa yangu ndiyo mabaya," akasema.

Ningeona heri anitukane. Kisha akanipa mtoto mkononi. "Haya. Wewe utamwamsha, mimi nitanyonyesha."

Basi nikawa saa ya nyumba hii. Namvua nguo, namfuta uso kwa kitambaa chenye maji, namsugua nyayo. Ananyonya dakika tano, anasinzia, namwamsha tena, anahamishiwa titi la pili. Kila nepi iliyolowa naipigia mstari nyuma ya kalenda. Mchana tunafungua mapazia na redio inasema. Usiku ni taa ndogo, na Mourad akitaka kupiga soga na mkewe namtolea macho. Mtoto akilala, Olfa naye analala. Mke wa imamu alikuja saa hizo nikamzuia mlangoni: "Mzazi amelala, dada. Chukua zriri yako, karibu Ijumaa." Bado amenuna.

Kesho kutwa yake mizani ilisema gramu sabini zaidi. Olfa alicheka. Mimi nililia, nikasingizia mafua.

Wiki ya tatu manjano yalikuwa yamekwisha. Sasa Sirine anaamka mwenyewe, karibu kila saa tatu, na ukichelewa mtaa mzima unajua. Ana kidevu cha pili.

Nimekuandikia haya yote, mdogo wangu, kwa sababu Ines wako anajifungua Januari, nawe unakwenda kukaa naye. Nakujua. Sote wawili tumelelewa na mama mmoja, na sote wawili tunajua kila kitu. Ines akikwambia, "Mama, acha," tafadhali acha. Kisha muulize umsaidie nini.

Msalimie mumeo, na umkumbatie Ines kwa niaba yangu. Hedi, Mourad na Olfa wanakusalimu sana. Mungu amfungulie mwanao kwa wepesi, na akupe wewe mikono ya kubeba na masikio ya kusikiliza.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mongia