Kiatu Kilichopimwa na Fundi

4 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, kiwandani viatu vimetujaa hadi mlangoni. Nimeona picha za binti yangu Sisimizi. Mama, vidole vya miguu vinatazamana! Mimi ni fundi viatu, miguu naijua. Nimemshonea buti ngumu, azivae kutwa. Sitaki mwanangu achekwe.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu, marahaba.

Magoti yananiuma, na wewe unaniongezea kichwa. Siku mbili za buti zako, kisigino kimechubuka. Mtoto kaketi mlangoni, anatazama wenzake wakicheza. Nimempeleka hospitali. Daktari kamwambia akimbie ukumbini, kampima nyonga na magoti. Kasema ana miaka minne tu, haumwi popote, miguu yote miwili iko sawa, itanyooka yenyewe anavyokua. Buti hazisaidii kitu. Nimemvua.

Mama yako

2 Aprili

Mama, shikamoo.

Daktari kamwona dakika kumi, mimi nina miaka kumi na tano kwenye kazi hii. Nitumie kiatu chake kikuukuu. Soli haijui kudanganya.

Mwanao

27 Aprili

Mama, shikamoo.

Kiatu kimefika. Nimemwonyesha hadi msimamizi wetu. Soli imelika mbele, upande wa nje, vibaya kuliko nilivyoogopa. Mtoto huyu hatakimbia kama wenzake, na roho inaniuma. Nimeomba ruhusa kazini. Nakuja kumchukua, nimsimamie mwenyewe. Buti azivae tangu leo.

Mwanao

8 Mei

Mwanangu, marahaba.

Nimechoka na wewe, nakwambia wazi. Nilisema kwa mdomo wa daktari hukusikia, nikaona nikujibu kwa soli. Kiatu kile si cha Sisimizi. Nilikitoa kwenye sanduku la marehemu baba yako. Ni chako, ulipokuwa na miaka minne.

Baba yako naye alihangaika hivyohivyo. Alikufunga vibao miguuni, ukalia wiki nzima, nikavitia jikoni nikapikia. Ulipofika miaka minane miguu ilikuwa imenyooka, na shule nzima hakuna aliyekuweza kwa mbio. Huyo ndiye mtoto uliyeandika kwamba hatakimbia.

Binti yako yuko nje sasa hivi. Kaanguka mara mbili, kainuka mara mbili, wala hajaniita. Simtoi hapa.

Ruhusa usiirudishe. Njoo, ila zana zako ziache kiwandani, uvae raba. Wenzake wameshachoka, anatafuta mtu wa kukimbizana naye.

Mama yako