Nikimwona Mchumba, Napiga Chafya

Mpendwa mshauri, nisaidie mwenzio kabla sijaachwa au kabla sijaacha, maana hata sijui lipi litatangulia. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti viwili na redio moja, na mchumba wangu ni fundi magodoro, yaani anafumua magodoro ya zamani ya sufi, anayachambua na kuyajaza upya, na jamani ni mtu mcheshi, mkarimu, ananipenda kwa dhati, shida ni moja tu, kila akinijia kutoka kazini napiga chafya mfululizo, pua inachuruzika maji, koo linawasha, macho yanabubujika machozi, na yeye, maskini, anadhani nalia kwa mapenzi. Ameshawatangazia mafundi wenzake wote, "Wangu akiniona tu, machozi!" na mimi nimeshindwa kumwambia ukweli, kwa jinsi anavyofurahi, nani angeweza?

Sasa shangazi yangu aliyenilea, ambaye bado naishi kwake, amechunguza, akachunguza tena, juzi akanikalisha kitako akasema, "Mwanangu, mwili wako unakukataza. Damu zenu hazipatani. Ulimwona wapi mtu anapiga chafya kwa kumwona mume?" Wazee wa mchumba wanakuja kwetu mwisho wa mwezi, na shangazi ameapa kwamba nikipiga chafya mbele yao atawapa chai, atawaaga kwa heshima, na habari imekwisha. Nimemeza vidonge vya kuua vijidudu alivyobakiza jirani, nimejifukiza maji ya moto mpaka uso ukawa mwekundu, nimenunua vidonge vya mafua dukani nikasinzia nikimsuka mteja, mstari ukapinda ukaenda zake sikioni, na sasa ni miezi napuliza ile dawa ya kuzibua pua, bila hiyo silali. Faraja yangu ni mto alionishonea kwa mkono wake akaujaza sufi ya godoro la bibi yake, nalala nimeukumbatia, ingawa asubuhi naamka na chafya kabla hata jogoo hajawika. Ajabu ni kwamba Jumapili akija ameoga na kubadili nguo, tukaenda kutembea, sipigi hata moja, ila shangazi anasema Jumapili damu nazo hupumzika. Mshauri, nampenda yule mtu. Je, nimwache?

Mimi, Machozi ya Mapenzi

*

Haya, Machozi, kaa hapa.

Nimeicheka barua yako mpaka mhariri akaja kuniuliza kulikoni. Unisamehe, na pole sana, kwa sababu pua inayowasha mchana kutwa inamchosha mtu. Lakini umwache? Umwache nani, kwa kosa gani? Jibu umeliandika mwenyewe, ila ulikuwa unapiga chafya hukulisoma. Akitoka kazini na vumbi la magodoro ya watu, unaumwa. Akioga akabadili nguo, mzima. Ukilala na mto wa sufi kuukuu puani, unaamka unaumwa. Kwani Jumapili anakuja mwanaume mwingine?

Mimi si daktari, kwa hiyo nimempigia mmoja wa pua na koo nikamsomea barua yako. Naye kacheka, kisha akaniambia ugonjwa huo unafanana kabisa na mzio wa pua, yaani aleji, na kwamba maelezo kama yako ni nusu ya vipimo. Kwenye vumbi la magodoro na mito wamo wadudu wadogo mno, hawaonekani kwa macho, na pua yako haiwataki. Damu zenu hazina habari na ugomvi huo.

Sasa nikugombeze kidogo. Nani alikutuma kumeza dawa za jirani? Vidonge vya kuua vijidudu havitibu mzio. Vile vya kusinzia viache, msusi ana kichwa cha mtu mkononi! Na hiyo ya kuzibua pua ni ya siku chache tu, ukiizoea inageuka yenyewe ndiyo inayoziba. Mwambie daktari umeitumia muda gani, akusaidie kuiacha.

Nenda kliniki kesho, usingoje keshokutwa. Waambie kama kifua kinabana au kinapiga filimbi, kama pua huziba upande mmoja tu, kama inatoa damu, maana hayo yanataka uchunguzi zaidi. Kwa pua kama yako, dawa inayotangulia ni ya kupuliza yenye steroidi kidogo, yaani ya kutuliza uvimbe wa ndani ya pua. Puliza kila siku, hata siku unayojisikia vizuri, shika kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia, elekeza upande wa sikio, usiuchome ukuta wa katikati. Haifanyi kazi papo kwa papo, huchukua wiki moja au mbili kukolea, ndiyo maana nimesema kesho! Wanaweza kukuongezea kidonge cha mzio kisicholeta usingizi. Ikishindikana, ndipo wakupime kwa kukudonoa ngozi kidogo kwa matone ya vitu vinavyoshukiwa, au kwa damu, wajue adui ni nani.

Mto usiutupe, ni zawadi. Fundi ni wako, aufumue, aweke vitu vipya, foronya ifuliwe kwa maji ya moto. Mto mpya peke yake hautakuponya, lakini utaamka umekumbatia upendo bila wadudu. Naye avae kitambaa puani akiwa kazini, aoge kabla ya kuja. Shangazi mchukue mwende naye kliniki, ayasikie kwa masikio yake. Anakuogopea tu, mama wa watu, usimnunie.

Kisha umwambie fundi ukweli kuhusu yale machozi. Atanuna kidogo, atacheka sana, na mafundi wenzake watamtania mpaka achoke. Huko atajua mwenyewe.

Na siku wazee wakiingia kwenu, pua yako ikiwa kavu, kifua kimetulia, ukamwona amesimama nyuma ya baba yake ameoga na kunyoosha shati, na bado machozi yakakutoka, dada, usiyafute. Hayo sasa ni yake.