Wale Watoto wa Njano Uliowaacha Mdomoni mwa Mama Yao

Mume wangu Salehe,

Eda nimeimaliza juzi. Dada yako Mwajuma amenibadilisha nguo, kina mama wa mtaa wamekuja wakasoma dua, wakala wali, wakarudi makwao. Nimekaa siku mbili nikitafuta namna ya kukuandikia habari za samaki wako, kwa sababu najua ungeanza kuniuliza hizo kabla ya habari zangu mwenyewe.

Habari si nzuri.

Siku ile presha ilipokuangusha pale kwenye meza yako ya kukatia vioo, yule samaki jike alikuwa na wiki mbili amebeba watoto mdomoni. Asubuhi yake ulinishika mkono ukanipeleka sebuleni kabla hata sijabandika chai. "Mtazame taya," ukasema. "Wiki mbili hajala kitu, anaogopa asije akawameza." Nikakuambia unajua uzazi kuliko mkunga. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mungu hakutujalia mtoto, na utani ule mtu mwingine asingethubutu, ila mimi na wewe tulikuwa tumeshafika mahali pa kutaniana.

Tangi lile ulilijenga kwa vioo vya madirisha vilivyobaki kwenye kazi ya Dindira. Mbegu alikuletea yule mwalimu mteja wako aliporudi likizo kutoka kwao Kyela, samaki wa Ziwa Nyasa, kwenye dumu, safari nzima kwenye basi amelipakata. Mwajuma alipowaona mara ya kwanza alishika kiuno. "Kaka, wenzako Korogwe nzima wanafuga wa kula, wewe unafuga wa kutazama?" Ukamjibu, "Kwani wewe TV yako unaila?"

Jioni ulikuwa ukivuta kigoda karibu na kioo na kunifundisha, na mimi nikijifanya napepeta mchele. Kumbe nilikuwa nasikiliza. Ulisema wote huzaliwa wa njano na mistari myeusi, kama wanafunzi waliovaa sare, huwezi kumjua mpole wala mkorofi. Halafu mmoja anaanza kuingia masizi tumboni. Ile njano inageuka nyeusi, na mistari iliyokuwa myeusi inapauka hadi inakuwa ya samawati. "Ukimwona hivyo, ujue ameshajiona mwenye nyumba," ukasema. Nikauliza, "Sasa hao wengine?" Ukasema dawa ni wawe wengi. Wakiwa wengi hasira yake inagawanyika, kila mmoja anapata kidogo na anaishi. Wakiwa wachache, anaua.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Tulipotoka kukusitiri, yaani wanaume walipotoka, maana mimi nilibaki ndani, Mwajuma alipita nyumba nzima akifunika vioo. Unajua desturi ya kwenu, mjane asijitazame. Kwenye nyumba ya fundi vioo hiyo ni kazi ya nusu siku. Alifunika kabati, akafunika kile kioo kirefu cha mteja wa Kwashemshi ambacho hukuwahi kukimaliza, mwisho akatwaa khanga mbili akafunika na tangi. Nilisema, "Wifi, hilo ni la samaki." Akasema, "Sura yako si inaonekana humo?" Ilikuwa inaonekana.

Nyumba ilijaa watu. Wakati fulani mtu mmoja, sijui nani na sitaki kujua, alichomoa pampu ya hewa akachomeka simu yake. Salehe, nilisikia ule mlio wa mapovu umekatika. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka. Niliogopa watasema mwenzake hajapoa kaburini, yeye anahangaikia samaki. Nikajiambia nitainuka wakishamaliza kisomo. Walipomaliza, wakaja wengine kunipa pole.

Siku ya tatu ndipo nilipofunua. Wakubwa wote walikuwa wanaelea, na yule jike miongoni mwao, mdomo wazi, hana kitu ndani. Watoto alikuwa amewatema. Juu kabisa, kwenye uso wa maji, walikuwa saba wanahema, kila mmoja kama punje ya mpunga, wa njano, na mistari yao.

Mwajuma aliwaona akalia kuliko alivyolia msibani. Nikaichomeka pampu tena, na tangu siku hiyo hakufanya mzaha. Alisaga dagaa mwenyewe kwenye kinu hadi wakawa unga, akawa anawatilia kwa ncha ya kidole. Miezi yote ya eda nilikuwa na kazi moja tu, kuwatazama wale saba wakikua. Nilisema nikitoka salama, nao watatoka salama.

Mwezi wa nne wa eda, mmoja akaanza kuingia masizi.

Alianza kwa kuwafukuza tu. Baadaye nikaokota wa kwanza, mkia umeliwa. Nikamvua yule mweusi kwa chujio la chai, nikamtia kwenye ndoo. Humo akapauka kwa hofu, akarudi wa njano kama wenzake. Mwajuma akachungulia. "Huyu ndiye muuaji? Mbona mpole? Wifi, umemwonea." Hata mimi nikajitilia shaka, nikamrudisha. Kabla ya adhuhuri alikuwa mweusi, na wa pili alikuwa amelala ubavu.

Nikamvua tena, safari hii nikamweka kwenye beseni la kufulia, nikasema akae humo. Alikaa siku moja akaruka, nikamkuta sakafuni amekauka. Na kwenye tangi, walipobaki wanne, mwingine alikuwa ameshaanza kuwa mweusi tumboni. Huyu nilimjua vizuri. Ndiye aliyekuwa mwoga kuliko wote, aliyekuwa akijificha nyuma ya mpira wa pampu. "Ukiondoa huyu anakuja yule," Mwajuma akasema. "Utaondoa mpaka lini?"

Nilitaka kupata wengine, ili hasira igawanyike ulivyonifundisha. Mwalimu alihamishwa, namba yake haipatikani. Niliagiza mpaka Handeni kwa kaka yangu. Aliniletea perege wawili wa bwawani kwenye mfuko, maskini, kwa moyo mzuri. Walikufa siku hiyo hiyo.

Jana walibaki wawili. Leo asubuhi nimemtoa wa njano, nimemzika kwenye kopo la mchaichai. Mwajuma amenisimamia mlangoni. "Wifi, kula basi kitu," amesema, na mimi nimemwambia nitakula.

Amebaki huyo mweusi peke yake. Hana wa kumfukuza. Mwanzo alizunguka tangi zima akitafuta, halafu akashuka kwenye mawe. Tangu saa nne hajasogea, na ile samawati inaanza kufifia. Nimemtilia unga wa dagaa, umeshuka mbele ya mdomo wake mpaka chini, hakuugusa. Nimevuta kigoda nimekaa karibu naye, na hii barua naiandikia magotini.

Ulale pema, Salehe. Uliniachia watoto, sikuweza kukulelea.

Mimi mkeo