Ile Picha Uliyoirudisha

Makambako

Mama Regina, mke wangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na yote miwili ina baridi. Magoti yako yamepoa? Mpunga mmevuna, au ndege wa Ifakara wamewatangulia? Mimi mzima, nakohoa kidogo tu asubuhi. Nawe shemeji Benedikti, mwalimu mzima, unayemsomea dada yako barua hii, soma yote. Usiruke mahali ninapokusema.

Picha yangu uliyoirudisha imefika. Nyuma yake shemeji ameandika maneno yako: "Huyu karani simjui. Siji Makambako kwa mtu nisiyemjua." Nilicheka, kisha nikaitazama tena ile picha. Koti lile nimeazima, mke wangu. Kola ilinikaba, na mpiga picha aliniambia nisipumue. Miaka mitatu hujaniona, halafu nakuita huku kwa picha ya mtu aliyekatazwa kupumua. Una haki.

Sasa sikia. Yule Mhindi wa Goa ninayempikia, Bwana Minezi, ametumwa na serikali apige picha za watu wa huku wanavyoishi, sokoni, shambani, hata msibani. Hataki watu waliosimama kungoja picha. Amechoka kupanda milima, basi ameanza kunifundisha mimi mpishi wake, kwa kamera ndogo. Usicheke. Kubonyeza nilijua siku ya kwanza. Kazi ni watu.

Kwanza alinituma Njombe sokoni. Wabena hawa salamu zao ni ndefu. Ukisema "Kamwene", mtu anatua mzigo, anaulizia nyumba, watoto, ng'ombe, nawe unaulizia vyake. Mimi mtu wa adabu nikasalimu soko zima. Nilipomaliza, wote walikuwa wamejifunga nguo vizuri, wamesimama mstari mmoja, wamenuna. Picha ziliposafishwa, Bwana Minezi akazitazama.

"Mzee Luka, nilikutuma sokoni, umeniletea gwaride."

"Niliwasalimu, bwana."

"Basi usisalimu."

Nikaenda Mahongole, nisisalimu. Huko walikuwa na mgowe, yaani majirani wanamlimia mtu shamba, naye anawapa pombe. Nikachomoa kamera kimyakimya. Majembe yote yakasimama. Bibi mmoja akanijia mpaka puani.

"Baba, kwenu hakuna watu?"

"Wapo, mama."

"Wanapitana kama mbuzi?"

Niliona aibu, mimi unayenijua sina haya. Nikaiacha kamera ining'inie kifuani, nikasalimu kila mtu, nikaomba jembe. Nililima mpaka jua likawa utosini. Mgongo bado unanitukana. Tukakaa kunywa ulanzi, pombe yao ya mianzi. Kufika kibuyu cha pili, hakuna aliyekumbuka kwamba mimi mgeni. Yule bibi alikuwa akimgombeza mumewe kwa kulima matuta yaliyopinda, na mume anacheka huku akimfuta udongo shavuni. Nikabonyeza. Hawakugeuka hata.

Nilipowaambia nimewapiga picha, bibi akasema, "Ungesema mapema nivae kitambaa."

"Ndiyo maana sikusema, mama."

Akacheka, akaniongezea ulanzi.

Bwana Minezi aliitazama picha ile muda mrefu. Mwisho akasema, "Mchuzi wa leo una chumvi nyingi, Mzee Luka, lakini hii ni picha." Kisha akatoa ya kwake. Kumbe siku ile alinifuata, akajibanza kwenye mianzi na kamera kubwa, akatupiga wote tukinywa.

Hiyo ndiyo niliyokufungia humu. Ina watu wengi, wazee peke yao watano au sita, na mmoja ni mimi. Sikuweka alama. Shemeji, funga mdomo, na kidole chako kiweke mfukoni. Mke wangu, itazame mwenyewe, polepole. Ukiniona, funga mzigo, panda lori mpaka Iringa, halafu basi la huku. Njoo na blanketi zito na mchele wa kwetu. Usiponiona, irudishe na hiyo. Nitamwachia Mgoa kamera yake na sufuria zake, nije nikae hapo barazani unitazame mpaka unijue.

Nisalimie binti yetu Regina na mumewe fundi baiskeli, mwambie bado nafikiria kama nimkubali. Nisalimie dada yangu Anna wa vitumbua. Na shemeji pia, kama amesoma yote.

Ni mimi mumeo,
Luka, ninayepumua.