Pai Iliyonuka Rangi

Harlan,

Maharage yako kwenye friji. Pasha juu ya jiko, oveni usiiguse! Asubuhi nimeoka pai ya pichi ya mama yako, leo anatimiza themanini, nikaonja ukingo: rangi tupu. Kumbe jana ulioka humo vifuniko vya injini ya hilo gari lako lisilo na paa, ili rangi ikauke haraka. Mtu mzima ovyo! Miaka sita unaliunda, gereji yote umeachiwa, bado unanifuata jikoni. Jana nilipokuuliza harufu ile ni ya nini, ukasema, "Labda kwa jirani."

Isugue oveni kwa magadi. Mbwa hajanywa maji.

~~Mama yako sitamwambia.~~ Nimempigia. Amecheka hadi akapaliwa. Anasema marehemu baba yako naye alimharibia oveni hivyohivyo, tena hakuwahi hata kumpandisha gari alilokuwa akiliunda. Kwa hiyo pai hataki. Anataka kuzungushwa mji wote wa Bakersfield kwa gari lako, polepole, upepo usoni.

Najua jioni ulitaka uwe wa kwanza kulipitisha mbele ya wenzako. Usihangaike kutafuta ufunguo, ninao; nampitia mama yako.

Pai iko mezani. Ni yako yote.

Mkeo