Aliyeiona Kwanza Shingo ya Debora

Kaka Elia,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya huku ambayo hayana kwao, ukiyafukuza asubuhi jioni yamerudi. Natumaini mguu wa Baba unaendelea vizuri, wifi na watoto hawajambo, na mvua mmepata za kutosha uwele. Huku ni baridi na watu wake ni wa baridi vilevile. Tunaishi nyumba moja ya ghorofa, tunapishana kwenye ngazi kila siku, na hakuna anayemsalimu mwenzake. Mama anayenipangisha huniuliza mara kwa mara kama kwetu kuna barabara. Nimemwambia ipo, na malori yanayopinduka mlima Sekenke tunayo pia.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi mno kusikia kwamba mdogo wetu Debora amenenepa, mikono imeacha kutetemeka na usiku analala. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu chumbani. Halafu nikasoma mstari uliofuata, pale ulipoandika kwamba vidonge vya hospitali vimemkubali kwa sababu Shangazi Rakeli ameondoka kijijini. Kaka, niliiweka barua chini. Nimeisubiri hasira hii ipoe wiki nzima, haijapoa, kwa hiyo nitaandika nayo hivyohivyo.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana nasikia unawaambia watu wanaokuja kusaga mashineni kwako kwamba mdogo wako anasomea udaktari wa panya. Si uongo sana. Maabara yetu ina panya weupe waliozaliwa wakikosa kitu kimoja kidogo mwilini. Wanazaliwa wazuri, wananyonya, wanacheza, kisha kabla hawajapevuka wanadhoofu na kufa. Nilipowapasua mara ya kwanza nilikuta moyo umevimba, ini limevimba, kila mahali pamejaa chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili ambao huku wanawaita seli T. Nikasema hapa kuna ugonjwa umeingia. Nikamtafuta mdudu kwenye damu, kwenye maji yao, kwenye maranda wanayolalia, nikamshuku hata fundi anayeosha vizimba. Mwalimu wangu, mama mmoja mzee asiyecheka ovyo, aliniacha nihangaike mpaka nikachoka, ndipo akaja akasimama nyuma yangu.

"Naomi, hakuna adui aliyeingia," aliniambia. "Askari wao wenyewe wamekosa wa kuwaambia basi."

Wewe uko kwenye sungusungu, utalielewa hili upesi kuliko wanafunzi wa huku. Askari wa damu haamki kwa kuona tu kitu kigeni. Chembe nyingine, ile inayofanya doria, inamwonyesha kipande cha mdudu, na bado hajaruhusiwa. Lazima chembe hiyo imnyoshee na mkono, naye aushike kwa mkono wake, ndio uthibitisho kwamba kweli kuna hatari. Mambo hayo mawili yakitimia ndipo anaamka na kuzaana hadi wanakuwa jeshi. Ni kama ninyi, aliyeona nyayo za mwizi wa ng'ombe hapigi yowe mpaka mwenzake naye azione.

Lakini Mungu hakuishia hapo. Askari akishaamka, juu ya mwili wake huchomoza kipokezi kingine, tuseme mkono mwingine, na mkono huu unaukamata mkono uleule wa chembe ya doria uliomwamsha. Unaukamata kwa nguvu kuliko ule wake wa kwanza, hadi wa kwanza unakosa pa kushika. Kazi yake ni kumwambia imetosha, tulia, rudi nyumbani. Panya wetu hicho ndicho wanachokosa. Kwao yowe likishapigwa halina mwisho, na adui asipopatikana askari wanamla mwenye nyumba.

Ugonjwa wa Debora ni wa aina hiyo. Askari wake waligeukia tezi ya shingo. Hawakuiua, waliisukuma ifanye kazi bila kupumzika, ndiyo maana moyo ulikuwa unamkimbia hata akiwa amekaa, macho yakatoka, na akakonda huku anakula kama mchimba kisima. Huku wameanza kusema kwamba katika baadhi ya koo kipokezi hicho kina hitilafu ndogo ya kuzaliwa nayo. Hakika bado hawana, na damu yetu sisi hakuna aliyeipima, sitakudanganya. Ninalokuambia ni kwamba hakuna mtu aliyemtupia Debora kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka, na safari hii kilikuwa ndani zaidi ya nguo.

Sasa tuje nyumbani. Debora alipoanza kukonda mlisema ni ugonjwa wa siku hizi, mkamtengea kikombe. Akapimwa, hana. Badala ya kuona haya, mkaanza kutafuta nani amemroga. Na mlimpataje? Kwa sababu Shangazi aliona kabla yenu. Nilikuwepo kwenye ile harusi ya binamu yetu, nilikuwa bado sijasafiri. Shangazi alimshika Debora shingo kwa kiganja, akamwekea mkono kifuani, akatugeukia sote.

"Mtoto huyu shingo inajaa na moyo unakimbia," alisema. "Mpelekeni hospitali."

Mlimcheka. Mlisema mtoto ananenepa. Na yote yalipotimia, maneno yaleyale yakawa ushahidi, kwamba aliyeona kwanza ndiye aliyeweka, asingeweka angejuaje. Nakujibu angejuaje. Alijua kwa sababu aliugua vilevile akiwa msichana. Aliniambia mwenyewe tulipokuwa tunapepeta mtama, kwamba moyo ulimkimbia kwa muda mrefu, ukaja kutulia wenyewe, akabaki na lile rovu la shingoni analolifunika kwa kanga. Baba anajua, ni dada yake, tumbo moja. Baba alikaa kwenye kikao cha sungusungu siku ile, na nimeambiwa hakufungua mdomo mpaka watu wakatawanyika. Ningekuwa nyumbani ningemuuliza alikuwa analinda nini.

Akatengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji na wenzake. Hayo ya kijiji nayaweza, kijiji ni kijiji. Ya mashine siyawezi. Debora mwenyewe ndiye aliyeniandikia, kwa mwandiko wake wa kutetemeka ule. Shangazi alisimama foleni na debe lake la mtama kama watu wote, na alipofika mbele ukazima mashine, ukasema dizeli imekwisha. Mzee wa watu akajitwika debe lake, na kabla hajavuka barabara mashine ikawaka. Akarudia jiwe la kusagia, kwa mgongo ule. Ulipoinunua mashine ulituambia siku za kupanga foleni kwa mwenyekiti na kumlamba miguu zimekwisha, biashara sasa ni huria, kila mwenye chake anasaga. Kumbe kila mtu isipokuwa aliyekulea.

Mama alipokufa Debora alikuwa hajaota meno. Nani alimbeba? Wewe ulikuwa unachunga, mimi nilikuwa nalia tu. Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee. Sisi alipewa watatu, akatulea, na wote tuko hai, tena wewe una kitambi. Mchawi gani huyo mvivu wa kazi yake?

Najua yuko Mitundu, kwa yule mjukuu wa ndugu wa bibi yetu anayeuza chumvi na mafuta ya taa. Alinitumia salamu kwa mkono wa mwalimu mmoja wa huko aliyenijua shuleni. Hakulalamika. Aliuliza neno moja tu, kama moyo wa mtoto umetulia. Nimemjibu kwamba umetulia. Kuhusu wewe hakuuliza, na mimi sikumwandikia lolote, kwa sababu sikuwa na la kuandika ambalo lingemfaa mtu wa umri wake.

Nataka umfuate. Usimtume mtu, nenda mwenyewe, na ukimfikisha nyumbani uitishe kikao kilekile, useme mbele ya watu walewale kwamba mlikosea na dawa ni ya hospitali. Najua unaogopa. Atakayemtetea mchawi leo kesho atageuziwa yeye, na wateja watahamia mashine ya jirani. Wahame. Katika watu wote wa pale nani angekuwa wa kusema imetosha kama si wewe, mwenye sauti kikaoni, uliyekula mkononi mwake? Usipofanya hivyo, nikimaliza masomo nitapanda treni, nitashuka Itigi, na nyumbani kwangu kutakuwa Mitundu.

Nisalimie wifi, mwambie kitenge nimekipokea na nakivaa juu ya sweta, watu wananitazama. Msalimie Baba, mpe shikamoo yangu, hiyo siwezi kumnyima. Debora mwambie asiache vidonge hata akijiona mzima. Mwinjilisti wetu mwambie nilisikia aliwahubiria upendo Jumapili ileile ya kikao, nilicheka.

Nilikuwa nifunge bahasha hapa, lakini kuna jambo. Ile picha ya watoto wako mbele ya mashine nimeibandika ukutani. Jana nilikuwa namtazama Neema, nikiona alivyorefuka, nikaibandua picha ukutani. Niliibeba leo hadi maabara nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Shingo yake kwa mbele imejaa. Macho yamefunguka mno, kama mtu aliyegutushwa, na wenzake wote kwenye picha hawako hivyo. Nimejiambia ni kivuli, nimejiambia ni picha mbaya, siamini. Mwekee mkono kifuani akiwa amekaa, uone. Halafu mpeleke hospitali, usisubiri mavuno, dawa unajua ipo.

Na wakikuuliza mashineni ni nani aliyeiona kwanza shingo ya Neema, uwaambie ni mimi.

Shangazi yake,
Naomi