Kidole Changu na cha Ng'washi

Mwangaluka, mwanangu Mabula.

Ng'ombe wako mweusi kazaa, na pamba siku hizi inanunuliwa na kila mwenye mizani. Hayo ndiyo mema.

Nasikia huko Mwanhuzi unasema tumbo la mwanao Ng'washi limevimba kwa sababu nimemroga, eti macho yangu mekundu, na mganga kakwambia hatapona mpaka nife. Macho ni mekundu kwa moshi wa jiko lililokulea, mjinga wewe!

Nimempeleka zahanati. Wameletewa kikadi kipya cha kupimia kichocho. Mtoto akaogopa kudungwa, nikamwambia, "Tazama bibi yako," nikatoa kidole changu kwanza. Tone moja la damu, na sijamaliza kumbembeleza, mistari miwili ikatokea, maana yake kichocho ninacho. Kikadi chake nacho kikatoa miwili. Daktari akasema minyoo ya kichocho ndiyo inayovimbisha tumbo, na tumeipata wote kwenye maji ya majaruba, tunakopandikiza mpunga. Dawa tumemeza.

Sasa kamuulize mganga wako: Ng'washi nimemroga mimi, na mimi kaniroga nani?

Ukija kumwona mwanao, njoo mchana, na panga liache huko.

Ni mimi mama yako, mzima,
Milembe